Ongeza Taa au Badili Rangi? Mwongozo Kamili wa Athari ya Fotoelektriki kwa LED, Sola na Multimita

Jua la Kigoma saa saba mchana si la mchezo. Dagaa walioanikwa Kibirizi asubuhi wanakauka mbele ya macho yako, na ukishika bati la paa unarudisha mkono mbio. Bati hilo limepakwa zinki. Basi jua hilohilo, pamoja na ukali wake wote, halina ubavu wa kung'oa elektroni kwenye zinki hiyo. Lakini kuna taa ndogo ya zebaki, hafifu kiasi kwamba hata kusomea gazeti ni shida, ikiwashwa mbele ya kipande safi cha zinki elektroni zinatoka papo hapo. Huko kung'olewa kwa elektroni na mwanga ndiko kunakoitwa athari ya fotoelektriki.

Nafundisha twisheni ya fizikia mtaa wa Mwanga (ndiyo, mwanga unafundishwa Mwanga, utani huo nimeshausikia wa kutosha), na kila mwaka kidato cha sita hukwama palepale. Siwalaumu. Mtoto aliyekulia kandokando ya ziwa anajua kwamba usiku wa giza mvuvi akitaka dagaa wengi anaongeza taa. Enzi za karabai ilikuwa hivyo, na leo kwenye taa za LED na betri ni hivyohivyo. Sasa akikuta swali kwamba mwanga mwekundu umeshindwa kutoa elektroni kwenye metali fulani, tufanyeje, anaandika bila wasiwasi: tuongeze ukali wa mwanga. Anachorewa yai.

Shule nyingi hazina mrija wa ombwe (bomba la kioo lililotolewa hewa) wenye sodiamu ndani, kifaa cha kuonyeshea jambo hili. Niliyosoma mimi ilikuwa na picha yake tu ukutani, tena imeliwa na mchwa pembeni. Kwa hiyo hapa nitatumia vitu vya meza ya fundi redio: LED za rangi mbalimbali, kipaneli cha sola kilichotolewa kwenye taa mbovu, na multimita (mita ya kupima volti na mkondo) ya bei rahisi. Kwanza maelezo, kwa sababu bila hayo namba utakazosoma kwenye mita zitakuchanganya.

Embe na jiwe

Pale Ujiji kuna miembe mirefu, na kila aliyewahi kuwa mtoto anajua embe linavyoangushwa. Ukirusha ndoo nzima ya mchanga, chembe moja moja, embe linabaki linakuchungulia. Jiwe moja la saizi ya ngumi likilipata sawasawa, limeshuka.

Mwanga huja kwa vipande vinavyoitwa fotoni. Kila fotoni ni jiwe moja. Ukubwa wa jiwe hutegemea marudio ya mwanga, yaani mitetemo yake kwa sekunde, na marudio hayo ndiyo macho yetu huyaona kama rangi: nyekundu marudio madogo, buluu makubwa, urujuanimno makubwa zaidi na hatuuoni kabisa. Ukali wa mwanga ni idadi ya mawe yanayorushwa kila sekunde. Elektroni ni embe, na kikonyo chake ni nishati inayohitajika kuitoa kwenye metali. Nitaiita nishati ya kung'oa. Kila metali ina yake, nayo hupimwa kwa elektronivolti, kipimo kidogo cha nishati kinachofaa elektroni moja: sesiamu takriban 2.1, sodiamu 2.3, zinki 4.3, shaba 4.7.

Mfano huu una mahali unapovunjika, na nakutajia mapema. Embe ukilipiga mara nyingi kikonyo hulegea. Elektroni hailegei. Kwa mwanga wa kawaida, inapokea fotoni moja. Isipotosha, nishati ile inapotea kama joto na hesabu inaanza upya. Fotoni mbili nyekundu haziungani kufanya moja ya buluu, kama vile nauli pungufu za abiria wawili zisivyompandisha yeyote kwenye boti ya Kagunga ikiwa kila mtu anakatiwa tiketi yake.

Fomula yenyewe ni fupi. Nishati ya fotoni ni h mara marudio, ambapo h ni 6.63 × 10⁻³⁴ (joule sekunde). Elektroni ikitoka, nishati yake ya mwendo iliyo kubwa kabisa ni nishati ya fotoni kutoa nishati ya kung'oa. Angalia kwamba ukali haumo kabisa ndani ya fomula hiyo. Ungekuwa na athari kwenye nishati ya elektroni, ungeonekana hapo.

Kwa hesabu za haraka, sahau marudio na utumie urefu wa wimbi (wimbi likiwa refu, marudio ni madogo): gawa 1240 kwa urefu wa wimbi katika nanomita, unapata nishati ya fotoni katika elektronivolti. Zinki inahitaji 4.3, na 1240 gawa kwa 4.3 ni takriban 288. Mwanga wowote wenye wimbi refu kuliko nanomita 288 haufui dafu kwenye zinki. Mwanga tunaouona uko kati ya 400 na 700, na urujuanimno wa jua ulio chini ya 290 hivi karibu wote umemezwa na ozoni huko juu kabla haujafika kwenye paa lako. Taa ya zebaki hutoa wimbi la nanomita 254, yaani elektronivolti 4.9. Ndiyo habari nzima ya bati.

Historia kwa kifupi: Heinrich Hertz aliliona jambo hili mwaka 1887 akishughulika na cheche, wala hakuwa analitafuta. Wilhelm Hallwachs akalifuatilia mwaka uliofuata kwa kipande cha zinki. Mwaka 1902 Philipp Lenard akaonyesha kwamba kuongeza ukali hakuongezi nishati ya elektroni, jambo lililowakosesha usingizi walioamini kuwa mwanga ni wimbi tu. Albert Einstein akaja na maelezo ya vipande mwaka 1905 na kupewa Nobeli ya 1921 kwa kazi hiyo. Ninayempenda zaidi mimi ni Robert Millikan, Mmarekani ambaye hakuyaamini maelezo ya Einstein, akapima kwa miaka, na kufikia 1916 vipimo vyake mwenyewe vikawa vimempa Einstein haki.

Vifaa

Tafuta LED nyekundu, kijani na buluu, mbili mbili kwa kila rangi: moja itakuwa taa, nyingine itakuwa jicho. Zinazofaa ni zile zenye kichwa cheupe kama maji. LED nyekundu yenye kichwa chekundu haifai kuwa jicho, maana plastiki yake yenyewe inachuja rangi nyingine na utadhani fizikia imekataa. Ongeza betri tatu kavu za volti 1.5, rezista ya ohm 150, tepu nyeusi ya umeme, tochi ya LED yenye mwanga mweupe mkali, na kipande cha plastiki nyekundu cha taa ya nyuma ya pikipiki. Mafundi wa bodaboda wanavitupa kila siku. Ukiomba kwa adabu unapewa bure. Mwisho kipaneli kidogo cha sola na multimita.

Jaribio la kwanza: rangi

LED ukiipa umeme inatoa mwanga. Wengi hawajui kwamba ukiipa mwanga inatoa umeme kidogo. Ndani yake elektroni haitoki nje kabisa kama kwenye zinki; inaruka pengo la nishati, yaani hatua ambayo lazima ivuke ili iweze kutembea ndani ya LED, na kubaki humohumo. Kwa hiyo huu ni ndugu wa athari ya fotoelektriki, na ukiulizwa kwenye mtihani usiwachanganye. Ila sheria ya kizingiti ni ileile: fotoni isiyofikia pengo haifanyi kitu. Pengo la LED linakaribiana na nishati ya mwanga inaoutoa. Nyekundu ya nanomita 630 ni karibu elektronivolti 2.0, kijani ya 525 ni karibu 2.4, buluu ya 470 ni karibu 2.6.

Anza kwa kutengeneza mrija. Kunja karatasi ngumu upate bomba jembamba la urefu wa kidole, lizungushie tepu nyeusi mpaka mwanga wa chumba usipenye. Upande mmoja ingiza LED ya jicho, upande wa pili ingiza LED ya taa, vichwa vikitazamana.

Weka multimita kwenye volti za DC, kipimo cha milivolti 2000. Waya mwekundu wa mita uende kwenye mguu mrefu wa LED ya jicho, mweusi kwenye mfupi. Kabla ya kuwasha chochote, soma mita. Isiposoma sifuri au karibu yake, mwanga unavuja. Rudi kwenye tepu. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, wanakimbilia jibu kabla ya ushahidi.

Sasa unganisha LED ya taa kwa betri tatu kupitia rezista. Bila rezista utaunguza LED, na si ajabu ukailaumu multimita.

Jicho liwe jekundu, taa iwe ya kijani. Mita inapanda. Taa iwe nyekundu: nayo inapanda, maana nyekundu na nyekundu ziko mlangoni kabisa. Badilisha sasa: jicho liwe la buluu, taa iwe nyekundu. Sifuri. Sogeza taa mpaka vichwa vigusane. Sifuri. Ongeza LED nyekundu ya pili. Bado sifuri. Halafu chomoa nyekundu zote, weka LED moja tu ya buluu, na mita itaamka. Mwaka juzi kijana mmoja wa Katonga, baba yake mvuvi, alikaa akiitazama ile sifuri muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, hapa hata ningeleta taa za mitumbwi yote." Alikuwa ameshaelewa, nikamwacha aendelee.

Jicho la buluu mara nyingine linasoma kidogo sana hata kwa taa ya buluu, kwa sababu LED huona vizuri zaidi mwanga wenye marudio makubwa kidogo kuliko ya mwanga wake. Usihangaike. Unachotafuta ni tofauti kati ya kitu na sifuri. Na usilinganishe volti za jicho jekundu na za jicho la buluu ukisema lipi limeshinda; LED hizi zimetengenezwa kwa madini tofauti na ufanisi tofauti.

Kipande cha pikipiki kinakuja hapa. Mulika jicho la buluu kwa tochi nyeupe. Litasoma, kwa kuwa mwanga mweupe wa LED una buluu nyingi ndani. Weka ile plastiki nyekundu katikati. Mita inaporomoka. Sasa mulika jicho jekundu kupitia plastiki hiyohiyo: linaendelea kusoma. Tochi ni ileile na umbali ni uleule. Kilichoondolewa ni mawe makubwa tu.

"Lakini mwalimu, volti zinaongezeka!"

Hili swali huja kila mara, na linastahili jibu refu kidogo. Ukisogeza taa karibu na jicho linaloona, volti kwenye mita hupanda. Mwanafunzi makini anasimama: si umesema ukali haubadilishi nishati?

Nilisema, na bado ni kweli. Volti unayoisoma kwenye LED si nishati ya elektroni moja. Ni urari wa mambo mawili: mwanga unasukuma elektroni upande mmoja, na LED yenyewe inavujisha nyingine kurudi. Mita nayo, hasa hizi rahisi, inakunywa umeme kidogo ili isome. Fotoni zikiwa chache, mvujo na mita vinakula karibu kila kitu na volti inabaki ndogo. Zikiwa nyingi, volti inapanda haraka mwanzoni, halafu inapanda kwa kujivuta. Mwanga ukizidishwa mara kumi inaongezeka sehemu ndogo tu ya volti, na haivuki kamwe pengo la LED. Toa jicho jekundu nje kwenye jua kali ujionee: itakaribia volti moja na nusu, lakini 2.0 haifiki hata ungekusanya vioo vya mtaa mzima.

Kwenye mrija wa ombwe hali ni tofauti. Kule kinachopimwa ni volti ya kuzuia, yaani volti ya kinyume inayotosha kusimamisha hata elektroni yenye mbio kuliko zote. Hiyo haitikisiki na ukali hata chembe. Kwa hiyo usiende kwenye mtihani na volti ya LED mfukoni ukaiita volti ya kuzuia.

Jaribio la pili: ukali

Kwa ukali, chukua kipaneli cha sola na usome mkondo, uache volti. Hamisha waya mwekundu na kitufe cha mita kwenda kipimo cha miliampea, na unganisha moja kwa moja na paneli. Paneli ndogo haiwezi kuidhuru mita ukiweka kipimo kikubwa kwanza. Betri inaweza, usijaribu hivyo kwenye betri, utaunguza fyuzi.

Usiku, chumba kiwe giza. Tumia balbu tupu isiyo na kioo cha kuakisi, kwa sababu tochi inakusanya mwanga kwenye mwali na kanuni ya umbali itakataa. Weka balbu senti­mita 20 kutoka kwenye paneli, soma. Sogeza hadi 40, soma. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika ni robo, na mkondo nao uwe karibu na robo. Ulisoma miliampea 8, sasa tarajia karibu 2. Kwa 60 tarajia kama 0.9. Kuta nyeupe zikirudisha mwanga namba zitakuwa juu kidogo; tundika kanga au shuka jeusi nyuma.

Hiyo ndiyo kazi ya ukali: fotoni mara mbili, elektroni mara mbili, mkondo mara mbili. Mvuvi hakukosea, alikosea aliyeipeleka kanuni yake mahali ambapo mwanga haujavuka kizingiti.

Kwenye karatasi ya mtihani

Tuseme sodiamu, nishati ya kung'oa elektronivolti 2.3, inamulikwa kwa mwanga wa nanomita 400. Fotoni ina 1240 gawa kwa 400, sawa na 3.1. Toa 2.3, inabaki 0.8. Elektroni yenye mbio zaidi ina elektronivolti 0.8, na volti ya kuzuia ni 0.8. Ukitaka kasi yake, badili kuwa joule kwa kuzidisha na 1.6 × 10⁻¹⁹, upate 1.28 × 10⁻¹⁹. Zidisha kwa mbili, gawa kwa uzito wa elektroni 9.11 × 10⁻³¹, kisha tafuta kipeuo cha pili. Inakuja takriban 5.3 × 10⁵, mita kwa sekunde.

Ukali ukiongezwa mara mbili, mkondo mara mbili, 0.8 inabaki 0.8. Rangi ikibadilishwa kuwa nyekundu ya 650, fotoni ina 1.9 tu, na hakuna kitakachotoka hata usubiri mpaka meli irudi kutoka Mpulungu kule Zambia. Kusubiri kwenyewe hakuna maana: pale fotoni inapotosha, elektroni hutoka ndani ya nanosekunde chache, hata mwanga ukiwa hafifu sana. Wimbi lingehitaji muda wa kujaza. Fotoni haijazi, inapiga.

Kuna mtego mmoja watunga mitihani wanaupenda. Wanakuambia marudio yameongezwa, lakini nguvu ya mwanga kwa wati imebaki ileile. Mkondo unafanyaje? Wengi wanaandika unaongezeka. Hebu hesabu mawe. Wati moja ya mwanga wa nanomita 400 ni fotoni kama 2 × 10¹⁸ kila sekunde. Wati moja ya nanomita 200 ni nusu yake, kwa kuwa kila fotoni sasa ni nzito mara mbili. Mawe makubwa, lakini machache. Kila elektroni inatoka na nishati kubwa zaidi. Na ikiwa uwezekano wa fotoni moja kung'oa elektroni haujabadilika, mkondo wote unapungua. Andika sharti hilo la mwisho, maana kwenye metali halisi uwezekano huo nao hubadilika na marudio.

Ukipewa grafu ya volti ya kuzuia dhidi ya marudio, ni mstari mnyofu. Mwinuko wake ni h gawa kwa chaji ya elektroni, kwa metali yoyote ile; ndicho Millikan alichokipima. Metali ikibadilika mstari unahama kushoto au kulia, mwinuko haubadiliki.

Ukitaka kujaribu zinki yenyewe

Inawezekana, kama shule ina elektroskopu (kifaa chenye majani mepesi ya metali yanayoachana kikipewa chaji) na taa ya urujuanimno, na mwalimu yupo chumbani. Taa hizo za kuulia vijidudu huunguza macho na ngozi bila kukuonya, maana mwanga wenyewe huuoni. Sugua zinki kwa msasa muda huohuo unaotaka kuitumia, kwani utando wa oksidi hujirudisha haraka. Ipe chaji hasi, washa taa, na majani ya elektroskopu yatashuka. Ipe chaji chanya, hayatashuka: elektroni inayojaribu kutoka inavutwa kurudi. Kisha weka kioo cha dirisha katikati, ukiwa na chaji hasi. Majani yanabaki wazi, kwa kuwa kioo kinakula wimbi la 254 ingawa kwa macho yako kinapitisha kila kitu.

Tatizo la huku kwetu ni unyevu. Kati ya Novemba na Aprili hewa ya ziwani inaondoa chaji yenyewe, majani yanashuka taa ikiwa imezimwa, na huwezi kujua nani kafanya nini. Nimeshalifanya jaribio hili Februari mbele ya darasa zima na kuaibika. Fanyeni Julai, asubuhi kavu, na kabla ya taa pima kwanza majani yanakaa muda gani bila kuguswa na mwanga wowote.